Kwanza kwa Gia ya Kwanza

Kuna namba moja ambayo haiandikwi kwenye tangazo la gari. Muuzaji atakutajia mwaka, ukubwa wa injini, kilomita, rangi, hata redio. Akiwa mjanja ataongeza kwamba gari limepandishwa inchi mbili na lina tairi mpya za matope. Lakini uwiano wa difu hatakuambia, na mara nyingi hata yeye mwenyewe haujui. Na hiyo ndiyo namba inayoamua kama gari hilo, siku ya mvua, litakufikisha Kolongolo ama litakuacha njiani likinuka klachi.

Kwa wale ambao hawajawahi kulala chini ya gari, tuelewane kwanza. Katikati ya ekseli kuna bonge la chuma lenye umbo la chungu. Ndani yake mna gia mbili zinazoumana: pinioni, ndogo, inayozungushwa na propela, na kraun, kubwa, inayozungusha magurudumu. Pinioni ikiwa na meno 10 na kraun meno 41, propela itazunguka mara 4.1 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Namba ikipanda, gari linapata nguvu na kupoteza mwendo. Ikishuka, ni kinyume chake. Mtu wa Bungoma aliyewahi kubeba abiria kwa baiskeli, enzi za boda boda za miguu, anajua habari hii kwa magoti yake. Black Mamba ilikuwa na uwiano mmoja tu, wa kiwandani, na kilima kikizidi huo uwiano, abiria alishuka akatembea.

Magari nayo yana abiria wanaoshuka wakatembea. Historia ya barabara za huku kwetu, kuanzia Bungoma hadi Kitale hadi Kwanza na mpaka wa Suam, ni historia ya nani alishuka na nani alibaki ameketi. Na kwa karibu miaka 100 aliyechagua uwiano hakuwa mtu wa huku.

Hata kabla ya injini, watu walikuwa wanabadilisha gia. Mwaka 1908 Jansen van Rensburg aliongoza familia za Makaburu zipatazo 47 kutoka Nakuru kwenda Uasin Gishu, na magari yao ya kukokotwa na maksai. Walipanda kwenye msitu na vinamasi, wakikata miti na kuilaza kwenye matope ili magurudumu yapate pa kukanyaga. Gari moja la aina ile lilivutwa na maksai 16. Penye mteremko mkali wa kupanda, wenye magari walikuwa na mbinu moja: gari la nyuma linasimamishwa, maksai wake wanafunguliwa, wanaunganishwa mbele ya wale 16, kisha gari moja linapanda likivutwa na 32. Likifika juu, wote wanarudi chini kuchukua la pili. Nguvu maradufu, mwendo nusu. Ukimweleza fundi wa difu hadithi hiyo atakuambia hao jamaa waliingiza low.

Baada yao walikuja walowezi wengine, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakaja askari wastaafu wa Uingereza waliogawiwa mashamba ya Trans Nzoia. Uwanda huo haukuwa mtupu. Wasabaot walilisha ng'ombe wao pale, kisha wakasukumwa kuelekea mlimani na kando kando ya mashamba. Reli ikafika Kitale mwaka 1926, ili mahindi yapate njia ya kwenda Mombasa. Iweke hiyo picha akilini: ardhi tambarare ikapata reli na baadaye lami, na waliofukuzwa pale wakapelekwa kwenye miteremko, mahali ambapo bila gia ya nguvu huendi popote. Ramani ya uwiano wa gia ya huku ilichorwa na sera ya ardhi, miaka mingi kabla ya Land Rover ya kwanza kuundwa.

Gari lenyewe lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Land Rover. Lilitengenezwa na kampuni ya Rover ya Uingereza kwa ajili ya mkulima: injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi kama 50, bodi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na giaboksi ya pili, ndogo, ya kuchagua high au low. Difu iliyozoeleka kwenye Land Rover za miaka mingi iliyofuata ilikuwa 4.7. Meno 47 kwa meno 10. (Ndiyo, 47, kama kaunti zetu na kama zile familia za Makaburu. Mimi si mtu wa kuamini namba, lakini hii inanichekesha.) Juu ya hiyo 4.7, hata ukiwa high, ile giaboksi ndogo ilipunguza mwendo tena kwa 1.148. Kwa hiyo gia ya nne, ambayo kwenye gari la mjini ni ya kupumzika, kwenye Land Rover injini ilizunguka mara 5.4 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Gari hilo halikuundwa kukimbia. Liliundwa kuvuta plau na kutoka shimoni.

Mwezi wa Februari mwaka huohuo wa 1948, wiki chache kabla ya maonyesho ya Amsterdam, polisi walifyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa huko Malakisi, Bungoma, wakaua watu 11. Elijah Masinde, mwanzilishi wa dini hiyo, akakamatwa. Nayataja mambo haya mawili pamoja si kwa kuwa moja lilisababisha lingine. Ni kwamba miaka iliyofuata, utawala uliotaka kufika kila boma la mlimani ulipata chombo cha kufikia. Land Rover ikawa gari la DC, la polisi, la bwana shamba, la misheni. Wazee wengi wa Elgon ukiwauliza gari la kwanza waliloliona likipanda mpaka kwao, watakutajia Land Rover, na kilichokuwa ndani yake hakikuwa habari njema kila mara. Gia ya low ilikuwa mali ya serikali. Mwananchi alikuwa na miguu, punda na baiskeli.

Na punda, kusema kweli, walifanya kazi kubwa. Julai 1975 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil, bei ikapaa duniani kote, na Uganda ya Idi Amin ilikuwa inawalipa wakulima wake pesa kidogo, na kwa kuchelewa. Kahawa ikaanza kuvuka mpaka kimagendo. Soko la Chepkube, upande wa Bungoma, likawa jina la kutajwa nchi nzima. Mzigo ulifika kwa vichwa, kwa baiskeli na kwa punda, kupitia njia ambazo lori halingethubutu, halafu chini, kwenye barabara, magari yakaupokea. Watu walitajirika kwa miezi. Nikisoma habari za Chepkube huwa naona difu mbili: punda, mwenye uwiano mkubwa, apandaye popote kwa hatua zake zilezile, na lori lililomngoja penye barabara, lenye kasi ya kufika Mombasa. Bila mmojawapo biashara isingekuwepo.

Miaka hiyohiyo Land Rover zilikuwa zinaunganishwa Thika, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya ambacho leo kinaitwa KVM. Zile za serikali zilizochoka ziliuzwa kwa mnada, na hapo ndipo mwananchi akapata gia ya low kwa mara ya kwanza: 109 yenye viti vya mbao nyuma, matatu ya kijijini, watu 15 ndani, kuku juu, na dereva anayejua kila jiwe. Ilikuwa polepole. Haikukwama.

Kisha lami ikaja, na lami iligeuza hesabu yote. Ukiwa na Land Rover ya 4.7 na tairi za 7.50-16, mwendo wa kilomita 100 kwa saa unaitaka injini izunguke karibu mara 3,550 kwa dakika. Injini inalia kama inachinjwa, na mafuta yanakwisha ukiona. Kumbe Rover wenyewe walikuwa wametoa dawa bila kukusudia. Mwaka 1970 waliunda Range Rover, gari la mwenye shamba anayetaka pia kukimbia, lenye injini ya V8 na difu ya 3.54. Meno 46 kwa 13. Na kwa bahati nzuri, bonge la difu la Range Rover za mwanzo linaingia kwenye ekseli ya Land Rover ya zamani bila kukata wala kuchomelea. Unatoa moja, unaingiza nyingine. Injini iliyokuwa inazunguka 3,550 sasa inazunguka karibu 2,700. Wenye Land Rover za zamani duniani kote walifanya hivyo, na wanafanya hadi leo.

Lakini kulikuwa na mitego miwili. Wa kwanza: Land Rover 109 nyingi za Series III zina ekseli nzito ya Salisbury upande wa nyuma, na hiyo haipokei bonge la Range Rover. Wa pili ni mbaya zaidi. Mtu anapata difu moja tu ya 3.54, anaiweka nyuma, mbele anaacha 4.7, anasema atamalizia akipata pesa. Kwenye lami hakuna shida maana mbele hakuvuti. Siku akizama matopeni na kuingiza 4x4, ekseli ya mbele inataka kwenda mwendo wake na ya nyuma wake, na wote wameshikwa na giaboksi moja. Kitu lazima kivunjike. Kwa hiyo gari linakuwa la 4x4 kila siku isipokuwa siku inapohitajika.

Nimekaa sana na Land Rover kwa sababu ndiyo iliyotufundisha somo, lakini enzi yake huku ilipita haraka. Toyota, ambayo iliunda gari lake la kwanza la aina hii mwaka 1951 na kulipa jina la Land Cruiser mwaka 1954, ilichukua mahali pake ofisi baada ya ofisi. Tangu mfululizo wa 70 ulipotoka mwaka 1984, hakuna kituo cha polisi Kenya ambacho sura yake haijui. Machi 2008 jeshi lilipopanda Elgon kwa Operesheni Okoa Maisha, wakazi walijifunza tena kusikiliza injini usiku na kukisia ni nani anakuja. Nasema haya kwa kijana wa leo anayeona gari lililopandishwa kama urembo wa wikendi. Kuna watu wa mlima huu ambao mlio wa dizeli katika low hauwakumbushi wikendi.

Sasa tuje kwenu, nyinyi wa Prado na Surf.

Kilichobadilika katika miaka 30 hivi iliyopita ni kwamba gari la 4x4 lililotumika Japani linaweza kununuliwa na mwalimu, na mwenye duka la dawa za mifugo, na msichana wa Kitale mwenye kazi ya kompyuta anayelima ekari tano Kwanza. Kwa mara ya kwanza, mtu wa huku ndiye mwenye gari na ndiye mwenye kuamua litakuwaje. Na uamuzi wa kwanza karibu kila mtu anaofanya ni kulipandisha na kulivika tairi kubwa. Gari linasimama vizuri, linapigwa picha, liko fiti. Kisha linaanza kuwa zito. Gia ya tano haivuti tena baada ya Kiminini. Linakula mafuta. Mwenyewe analaumu injini, anabadilisha nozeli, anasafisha tanki. Injini haina kosa.

Kupandisha gari peke yake hakubadilishi uwiano. Kunabadilisha pembe za propela na tabia ya usukani, na kunakamata upepo zaidi, basi. Kinachobadilisha uwiano ni tairi. Chukua tairi ya kawaida ya Prado, 265/70R16. Kila mzunguko wake mmoja unasogeza gari mita 2.44. Ukiweka 285/75R16, ile tunayoita 33, mzunguko mmoja ni mita 2.62. Tofauti ni asilimia 7 na kidogo. Maana yake difu yako ya 4.1 sasa inafanya kazi kama 3.8. Hujagusa bolti hata moja ya ekseli, lakini umejibadilishia difu, na umeibadilisha kuelekea upande wa Range Rover: upande wa kasi. Umenunua tairi za matope na kwa pesa hizohizo ukaliondolea gari nguvu za matopeni. Hiki ndicho kichekesho cha mambo yote haya. Babu alikuwa akitafuta 3.54 ili akimbie kwenye lami. Mjukuu anaipata bure, halafu anaelekea mlimani.

Ongeza mwinuko. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mhandisi wa Japani alipochagua 4.1 hakuwa anaifikiria Endebess. Kwa hiyo dizeli isiyo na tabo ikifika Kitale tayari imeacha karibu sehemu moja kati ya tano ya nguvu zake njiani. Piga hesabu na ile asilimia 7 ya tairi, unabaki na kama robo tatu ya mvuto uliolipia. Bungoma, iliyo karibu mita 1,400, hali ni afadhali kidogo, na ndiyo maana gari hilohilo linaonekana lina raha Bungoma na linasononeka likishapita Kitale.

Kuna na mambo ambayo hayasemwi kwa sababu hayaonekani kwenye picha. Mita ya mwendo inadanganya: ikisoma 80 unakwenda karibu 86, na kamera ya polisi haisomi dashibodi yako. Na kuteremka. Watu huongea juu ya kupanda tu, lakini mlima unaua kwenye kuteremka. Kutoka Kapsokwony kuja Kimilili, au kushuka Kamatira baada ya Kapenguria, kinachokushikilia si breki pekee, ni injini, ambayo kupitia gia inakataa kuzungushwa. Tairi kubwa inapunguza kukataa huko kwa asilimia zilezile 7, na wakati huohuo inaifanya breki ifanye kazi zaidi, maana gurudumu limerefuka na diski ya breki imebaki ileile. Gari limejaa magunia ya viazi, breki zimepata moto, na dereva anashangaa kwa nini gia ya pili haimshiki kama zamani.

Basi unachagua difu gani? Hesabu ni ya shule ya msingi: zidisha uwiano wa zamani kwa tairi mpya, gawa kwa tairi ya zamani. 4.1 mara 2.62, gawa kwa 2.44, unapata 4.4. Hiyo inakurudisha ulikotoka. Tatizo ni kwamba 4.4 huipati dukani. Unapata 4.3, 4.56 na 4.88, na kila moja ina tabia yake. Katika gia isiyopunguza wala kuongeza, kwenye kilomita 100 kwa saa, gari lilipokuwa jipya lilizunguka kama 2,800. Na tairi za 33 na 4.1 yake ya zamani, 2,600. Ukiweka 4.3 ni karibu 2,735, 4.56 ni 2,900, na 4.88 ni 3,100. Gia ya tano itapunguza hizo namba zote, ndiyo inayoifanya 4.88 ivumilike kwenye safari ndefu.

Maoni yangu, na wapo watakaonipinga: kwa mtu anayeendesha kila siku kati ya Kitale na Kwanza, mara moja moja Bungoma, na Nairobi kwa Krismasi, mwenye injini isiyo na tabo na tairi za 33, chukua 4.56. Inapita kidogo ile 4.4 ya hesabu, na huko kupita kidogo ndiko kunakolipia mwinuko, uzito wa tairi zenyewe na lile bampa la chuma ulilofunga mbele. Mwenye tabo na gia za mkono anaweza kutulia na 4.3. 4.88 waachie wenye tairi za 35 na wale wa Rhino Charge, mashindano yanayofanyika tangu 1989 ya kuchangisha pesa za uzio wa misitu, ambako mshindi ni aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Si aliyekwenda kwa kasi. Kule 4.88 ina maana. Kwenye barabara ya Eldoret, ukiwa umechelewa mkutano, haina.

Wa Suzuki ndogo wana njia yao, na nawaonea wivu. Suzuki SJ410 ilitoka kiwandani na difu ya 4.11. Dada yake SJ413, mwenye injini kubwa zaidi, alipewa 3.73. Ukiweka tairi kubwa kwenye 413 unaweza kutafuta difu za 410 iliyokufa, mbele na nyuma, ukarudisha nguvu yako kwa bei ya chuma chakavu. Historia ya Range Rover na Land Rover inajirudia, ila safari hii inarudi nyuma: mwenye kasi anakwenda kuazima meno ya maskini.

Kabla ya kununua chochote, jua ulicho nacho. Kibao kilichopigiliwa kwenye bodi kina alama za ekseli, lakini magari yetu yamepitia mikono mingi na kibao hakijui kilichobadilishwa baada yake. Pima mwenyewe. Ziba magurudumu ya mbele kwa mawe, toa gia, achia hendibreki, inua gurudumu moja la nyuma, lile lingine likae chini. Weka alama ya chaki kwenye propela. Zungusha gurudumu lililo juu mara mbili kamili huku mwenzio akihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara nne na nukta kidogo, una 4.1. Ikikaribia nne na nusu, kuna mtu amekutangulia. Ni mara mbili kwa sababu gurudumu la pili limesimama na difu inagawa mzunguko, na ukisahau hilo utapata namba ya ajabu utangaze kwamba umegundua Toyota mpya.

Halafu kuna fundi. Kraun na pinioni mpya si kitu cha kufunga kama plagi. Lazima ziachiwe nafasi ya sehemu ndogo za milimita kati ya meno, pinioni ikazwe kwa kipimo chake, meno yapakwe rangi na kuzungushwa ili kuona yanagusana wapi. Yakigusana pembeni, difu italia. Mwanzoni ni mluzi mwembamba kwenye kilomita 60, baada ya miezi ni kilio, kisha ni kimya cha gari lililosimama. Mafundi wanaoweza kazi hiyo vizuri wapo, ila si wengi, na anayekuambia atamaliza mbele na nyuma kabla ya chakula cha mchana mshukuru uende. Ndiyo sababu mimi napendelea bonge zima lililotumika, lililopangwa kiwandani, kuliko meno mapya yaliyopangwa kwa kukisia. Lichunguze mafuta yake kama yana unga wa chuma, geuza pinioni kwa mkono usikie. Ukilazimika kununua mapya, yaendeshe taratibu kilomita 800 za kwanza bila kuvuta mzigo, umwage oili, uweke nyingine.

Na wengi, niseme tu, hawahitaji haya yote. Tairi ya 265/75R16 inakaa vizuri kwenye gari lililopandishwa kidogo, na inakupotezea asilimia 3 na nusu hivi peke yake. Hiyo unaishi nayo. Hupigi picha nzuri sana, lakini unabaki na pesa za mbolea. Gharama ya kubadilisha difu ni mara mbili daima, maana ekseli ni mbili, na yule wa Land Rover mwenye 3.54 nyuma na 4.7 mbele alishatuonyesha mwisho wa kubadilisha moja.

Kwanza, nimepata kufikiri, ni jina linalofaa kwa mahali hapa. Mwezi wa Aprili, mvua ikishika na kila mtu yuko shambani na mbegu, unaingiza kwanza na unakaa kwenye kwanza. Trekta zinapita zikichimba mifereji kwa magurudumu, Probox inazifuata kwenye mifereji hiyohiyo, imebeba watu tisa, haina low wala haijapandishwa, na inafika, sijui kwa sala gani. Barabara ya Kitale, Endebess hadi Suam, kilomita 45, imewekwa lami, na mtu wa Chepchoina anaweza sasa kusikia gia ya tano karibu na kwao. Kwa yule anayeishi kando ya lami hiyo, hesabu zangu za 4.56 zimeanza kuzeeka, na huenda 4.1 aliyopewa na Japani itamtosha. Lakini nyumba nyingi haziko kando ya lami. Ziko kilomita nne ndani, penye daraja la magogo na kilima chekundu, na mtoto akipata homa saa nane za usiku ni hizo kilomita nne zinazopigiwa hesabu.